Moyo Ulioandikwa Pambo

Chumba cha Lorna Tveit kilikuwa chini ya maktaba, ngazi kumi na nne kwenda chini, mlango unaotazamana na tanuri la kupasha jengo joto. Wageni wa chuo hawakupitishwa huko. Sisi walimu tukimwona anakuja ukumbini na daftari lake la jalada la kahawia, tulikumbuka ghafla kwamba tuna shida ya kwenda chooni. Hatukumchukia. Tulijua tu anachotaka: picha za masomo yetu, mapema, ili aziandikie maneno. Na hiyo mapema hatukuwa nayo.

Nimefundisha anatomia katika chuo hiki cha wilaya, hapa jimbo la Iowa, Marekani, kwa miaka kumi na saba. Naandika habari za Lorna kwa sababu mimi ndiye niliyemharibia kazi. Wapo wengine wenye sehemu yao, na wao wana kalamu zao.

Aliingia chuoni akiwa na miaka ishirini na mbili, mpiga chapa. Mwaka wake wa tatu, mwanafunzi mmoja aliyerudi kutoka vitani bila macho alisimama mbele ya meza yake akamwomba amsomee sura moja ya kitabu cha uchumi kwenye kaseti. Akasoma sura moja. Akasoma ya pili. Muhula ulipokwisha alikuwa amemaliza kitabu kizima, majedwali na yote, akikohoa na kuomba radhi mle mle kwenye kaseti. Yule askari akafaulu. Chuo kikaona kumbe hii nayo ni kazi, kikampa Lorna cheo kirefu ambacho hakuna aliyekikumbuka, na kile chumba cha chini. Hakuolewa. Aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa la Kilutheri, na aliendesha gari moja mpaka mlango wa abiria ukawa unafungwa kwa kamba. Mengine ya maisha yake yalikuwa ni kazi ile.

Kaseti zilipokwisha zikaja kompyuta. Siku hizi asiyeona ana programu inayomsomea kwa sauti kila neno lililo kwenye skrini, lakini picha haiwezi kuisoma. Lazima mtu akae aandike maelezo, ayafiche nyuma ya picha, na programu ikifika hapo iyatamke. Lorna alikuwa na njia yake ya kuyaandika ambayo sijaiona kwingine. Kila siku saa tisa alasiri, Wendell Pruitt, msafishaji wa jengo, alishuka na vikombe viwili vya kahawa. Lorna alimkalisha akiipa skrini mgongo, akampa penseli, akamsomea maelezo aliyoandika. Wendell alichora alichosikia. Mchoro ukifanana na picha, maelezo yamepita. Usipofanana, Lorna alifuta akaanza upya.

Siku moja nilishuka kumrudishia kitabu nikawakuta wanabishana.

"Hiki ni nini?" Lorna alimwuliza.

"Figo."

"Hilo ni harage, Wendell."

"Umesema lina umbo la harage. Mimi nachora ninachoambiwa. Kama hutaki harage usilitaje."

"Haya, futa."

"Mimi nimeajiriwa kwa sakafu, bibie. Karatasi zako futa mwenyewe."

Lorna akacheka, akafuta. Picha moja iliwachukua dakika ishirini, ngumu ikala saa nzima. Kozi yangu ilikuwa na picha mia nne na kumi na mbili.

Januari ile aliingia darasani kwangu kijana aitwaye Renny Osterhaus, miaka ishirini na minne. Miaka miwili kabla, akiwa shambani kwao, bomba la amonia ya mbolea lilipasuka mbele ya uso wake, akapofuka. Mikono yake ilikuwa ya ajabu. Baba yake alinisimulia kwamba hata baada ya ajali, Renny alikuwa akiingia zizini, anapapasa mgongo wa nguruwe, anakwambia huyu kesho hatakula. Alitaka kusomea ukandaji wa tiba. Kozi hiyo huanza mara moja kwa mwaka, nafasi kumi na sita, na huingii bila kupata sabini na tano kwenye anatomia kabla ya katikati ya Mei. Ofisi ya serikali inayowasomesha wasioona ilimpa muhula mmoja wa majaribio. Akifaulu, wanaendelea naye. Asipofaulu, arudi nyumbani. Hilo darasani tulilijua wote, kwa sababu alilisema mwenyewe siku ya kwanza, anacheka, kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa.

Lorna alipanda mpaka ofisini kwangu.

"Mwalimu Voss, huyu kijana anategemea masikio tu. Nipe picha zako wiki mbili kabla ya kila somo. Wiki mbili tu."

"Utazipata," nikasema.

Nilimpa za mifupa kwa wakati, nusu ya zile za misuli nikachelewesha, na za moyo, mishipa na neva sikumpa kabisa. Hata hivyo kufikia mwisho wa Februari alikuwa ameandika sitini. Mtihani wa kwanza ulikuwa wa mifupa, na Renny akapata themanini na nane. Mifupa unaishika mkononi. Moyo hata ukiushika hauoni damu inakopita.

Sasa nije kwenye rangi ya kijani.

Mwaka ule chuo kilinunua mfumo unaopima masomo yetu ya mtandaoni kama yanamfaa kila mwanafunzi. Kando ya kila faili palikuwa na kipimo kidogo chenye mshale, nyekundu, njano, kijani. Mkuu wa Taaluma, Todd Amsler, alituita ukumbini.

"Tarehe mosi Machi nataka chuo kizima kijani," akasema. "Bodi inasubiri ripoti. Idara itakayotangulia, piza juu yangu."

Lorna akanyoosha mkono kutoka safu ya nyuma. "Kipimo kinaangalia kama nafasi imejazwa. Hakijui imejazwa nini."

"Lorna, tuanze na kijani kwanza. Ubora utakuja nyuma yake."

"Tukishakuwa kijani, nani atarudi nyuma?"

"Jamani Lorna, tuachie piza yetu," mtu mmoja akasema, na ukumbi ukacheka. Mimi pia nilicheka.

Ijumaa ya mwisho ya Februari nilikuwa na dakika kumi na tano kabla ya kipindi, na sandwichi ya bata mzinga mkononi. Kozi yangu ilikuwa nyekundu kama jipu. Chini ya kila picha mfumo unakupa njia mbili: uandike maelezo, au uweke alama kwamba picha hii ni pambo tu, mithili ya maua ya pembeni mwa ukurasa, ili programu iiruke kimya kimya. Na juu kabisa pana kitufe cha kuweka alama ya pambo kwa picha zote kwa mpigo. Nikajiambia, funika kombe mwanaharamu apite, wikendi nitarudi nizipange vizuri. Nikabonyeza. Mshale ukazunguka mpaka mwisho. Asilimia mia.

Kitufe kile kilifuta pia maelezo sitini ya Lorna. Sikujua, kwa sababu sikuangalia. Wikendi mwanangu alikuwa na mashindano ya mieleka na theluji ilianguka, na Jumatatu idara yetu ikala piza. Mimi nilipewa cheti, nikakibandika mlangoni.

Orodha ya kazi za Lorna ilikuwa inatengenezwa na mfumo huo huo. Kozi ikiwa kijani, inatoka kwenye orodha yake. Jumatatu ile alifungua orodha akakuta anatomia haipo. Aliamini nini? Aliamini kwamba nimeketi wikendi nzima na kuandika maelezo ya picha mia tatu na ushei, kwa mkono wangu, kwa ajili ya Renny. Akaniandikia ujumbe, ninao mpaka leo: "Asante sana, Mwalimu. Najua hiyo si kazi ndogo. Sitasahau." Akahamia kozi za wengine.

Niliusoma ujumbe huo nikiwa nimesimama. Sikujibu. Hapo ndipo ningeweza kuyaokoa yote kwa sentensi moja, na nikaweka simu mfukoni.

Katikati ya Machi ulikuja mtihani wa pili, moyo na mishipa. Renny alipata arobaini na moja. Siku ya pili alishuka zile ngazi kumi na nne, fimbo yake ikigonga kila moja, kurudisha kinasa sauti alichoazimwa na Lorna. Mazungumzo yao alinisimulia Lorna mwenyewe, neno kwa neno, na alihakikisha sikosi hata moja.

"Naacha, Bi Lorna. Nilitaka nikushukuru kwanza."

"Unaacha nini?"

"Shule. Kichwa changu hakibebi. Nasikiliza sura nzima mara nne, mara tano. Inasema tazama mchoro, halafu inaendelea mbele. Inasema kama mchoro unavyoonyesha, inaendelea mbele."

"Haikusomei mchoro?"

"Hapana. Tangu wiki ile ya theluji."

"Renny, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umezidiwa. Una watu wengi. Sikutaka kukusumbua."

Watu wa kwetu ndivyo tulivyo. Mtu wetu akikanyagwa mguu huomba radhi yeye. Waswahili husema mficha uchi hazai, lakini huku tumelelewa kuficha, na Renny alilelewa vizuri. Wiki tatu alikaa jikoni kwa mama yake akiusikiliza ukimya, akiamini kwamba wenzake wanaelewa na yeye ndiye mjinga.

Lorna alipanda kwangu alasiri ile. Hakupiga kelele. Alisoma cheti mlangoni, chote, kisha akaingia na kuweka kompyuta yake mezani. Akawasha ile programu na kufungua sura ya moyo. Sauti ya mashine ikasoma: damu huingia kama inavyoonekana katika mchoro. Ikanyamaza. Ikasoma: baada ya hapo husukumwa kama inavyoonekana katika mchoro. Ikanyamaza.

"Moyo ni pambo?" akaniuliza.

"Lorna, nilikuwa nakula sandwichi, kipindi kinakaribia. Nilikusudia kurudi."

"Nimeuliza moyo. Ni pambo?"

"Si pambo."

"Na zile sitini zangu?"

Sikuelewa. Akanionyesha. Kila nafasi aliyoandika ilikuwa tupu. Wendell alikuwa ametunza michoro yake yote kwenye boksi la viatu, na boksi hilo ndilo pekee lililobaki kuthibitisha kwamba kazi ile iliwahi kufanywa.

"Nilikushukuru," Lorna akasema. "Nilikuandikia nikakushukuru, ukakaa kimya."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na bado nilikuwa natafuta kisingizio.

Alimwambia Renny asiache, na kwamba kosa si lake. Hakumwambia ni la nani. "Hilo si langu kumwambia," alinieleza. "Ni lako." Nikasema nitamwambia. Zilibaki wiki saba. Lorna na Wendell wakaanza upya kutoka kwenye moyo. Nami nilishuka kila alasiri kuandika. Maelezo yangu ya kwanza, ya ini, Wendell aliyachora kwa makini kabisa, akageuza karatasi.

"Mwalimu, hiki ni kiazi kilichokaliwa."

"Nimeandika kitaalamu."

"Basi ni kiazi cha kitaalamu."

Hatukucheka sana. Lorna alimsomea Renny mwenyewe, ana kwa ana, akimkunjisha ngumi na kutembeza kidole juu yake kuonyesha vyumba vya moyo, wapi mlango, wapi ukuta. Lakini somo haliwezi kusimama likusubiri. Wakati wanarudia moyo, darasa lilikuwa limefika kwenye neva, na wakati wameshika neva darasa lilikuwa kwenye tezi. Mtihani wa mwisho Renny alijitahidi kuliko mwanafunzi yeyote niliyemfundisha. Jumla yake ikawa sitini na tisa.

Kanuni za chuo zinaruhusu mwanafunzi aongezewe miezi mitatu ikiwa chuo chenyewe ndicho kilichomwangusha. Inatakiwa barua ya mwalimu wa kozi. Lorna aliandika yake, ikarudishwa kwa sababu yeye si mwalimu. Nikaenda kwa Amsler.

"Unasema kozi yako haikumfaa?" akaniuliza.

"Nasema palikuwa na tatizo."

"Voss, ripoti yangu kwa bodi inasema asilimia mia. Ukiandika kozi haikufaa, nimepeleka uongo, na chanzo cha uongo ni wewe. Mkataba wako wa kudumu unajadiliwa Juni, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sikuzuii. Andika unachoweza kukisimamia."

Nikaandika. "Katika muhula huu ilijitokeza hitilafu ndogo ya kiufundi katika baadhi ya picha, na ilitatuliwa mwezi Machi." Nililipima kila neno. Jibu likaja siku ya pili, mistari miwili: kwa kuwa hitilafu ilitatuliwa kwa wakati, hakuna sababu ya kuongeza muda.

Lorna aliisoma nakala ya barua yangu akiwa amesimama karibu na tanuri. Aliisoma kwa sauti, ile sauti ya kaseti, polepole, bila kuruka nukta.

"Hitilafu," akasema. "Hitilafu ina mikono, Mwalimu? Inakula sandwichi?"

"Nitaandika nyingine."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Nafasi za ukandaji zinafungwa Ijumaa."

Ijumaa ikafika, zikafungwa. Jumatatu niliandika barua ya kweli, yenye kitufe, tarehe na jina langu, nikaipeleka mahali ambapo haikuweza tena kumsaidia mtu. Ikawekwa kwenye faili. Juni nikapewa mkataba wa kudumu. Sijui waliisoma au hawakuisoma, na sijathubutu kuuliza.

Aliyelipia ni Lorna. Chuo kilipopanga upya nafasi za kazi, ripoti ilionyesha kozi zote ni kijani, kwa hiyo kazi ya chumba cha chini imekwisha. Miaka thelathini na tisa. Wakamfanyia keki ya mstatili yenye jina lake, na jina la ukoo wakalikosea. Amsler akasema maneno mazuri. Lorna alikata vipande, akampelekea kila mtu chake, kisha akashuka chini kumalizia. Nilimfuata. Alikuwa amebakiza picha tatu za sikio la ndani, lile lenye mfereji uliojikunja kama konokono.

"Lorna, Renny ameshaondoka," nikamwambia.

"Najua."

"Na vuli tunabadilisha kitabu. Picha zote zitakuwa mpya."

Hilo hakulijua. Akaacha kusoma. Wendell, aliyekuwa kwenye kiti akitugeuzia mgongo, akasema bila kugeuka, "Endelea, bibie. Umefika kwenye konokono."

Akaendelea. Akaimaliza, na Wendell akaichora. Ile picha ya mia nne na kumi na mbili iko juu ya boksi la viatu, na boksi liko nyumbani kwangu, kwa sababu siku ile aliniachia mikononi bila kusema kwa nini. Kitabu kipya kilikuja Agosti kikiwa kijani tayari. Sikukigusa wiki nzima kwa kuogopa. Nilipofungua sura ya moyo na kuiacha mashine isome, palipo na mchoro ilisema neno moja tu: picha.

Renny nilikutana naye Oktoba, dukani, kwenye safu ya mayai. Nilimwomba mama mmoja radhi anipishe, na kijana aliyesimama na toroli hatua chache mbele akageuza kichwa.

"Mwalimu Voss?"

"Renny. Hujambo?"

"Sijambo. Nipo tu nyumbani. Namsaidia mama." Akasogea karibu, anatabasamu. "Mwalimu, nisikilize uone. Damu iliyochoka inaingia chumba cha juu cha kulia. Inashuka kupitia mlango wa vipande vitatu, wenye kamba nyembamba chini, zinauzuia usipinduke kama mwavuli kwenye upepo. Chumba cha chini kinaisukuma mapafuni. Inarudi imepata hewa, inaingia juu kushoto, inashuka mlango wa vipande viwili, na ukuta wa chumba hicho ni mnene kuliko wote, kwa sababu chenyewe kinapeleka mpaka kwenye vidole vya miguu." Alikuwa amekunja ngumi yake, kidole cha mkono wa pili kinatembea juu yake. "Nimepatia?"

"Umepatia."

"Yote?"

"Yote."

Darasani kwangu muhula huo hapakuwa na mmoja aliyeweza kuusema hivyo.

"Unaona," akasema, "tatizo langu ni uzito tu. Wenzangu walishika upesi. Mimi mpaka Bi Lorna arudie mara kumi. Wewe usijilaumu, Mwalimu, ulifanya uliloweza."

Trei ya mayai ilikuwa mkononi mwangu. Mama yake, aliyekuja naye, alikuwa bado kwenye safu ya maziwa, mbali, na tulikuwa na muda wa kutosha kabisa kwa lile nililomwahidi Lorna. Nikafungua mdomo nikamwambia anisalimie baba yake.